Kusaidiana hakujafa, kumeanza kudai fedha

Mtanzania aliyezaliwa mwaka 1961, Tanganyika ilipopata Uhuru, sasa amevuka miaka 60. Sensa ya mwaka 1967 ilimkuta katika nchi ya watu milioni 12.3, ambamo katika kila watu 100 ni kama sita tu waliokuwa wakiishi mjini. Sensa ya mwaka 2022 imemkuta katika nchi ya watu milioni 61.7, na zaidi ya theluthi yao wako mijini. Katika umri huo mmoja amekula ugali wa unga wa kutwanga kinuni, amesimama foleni ya sukari, na leo anapokea hela kwa simu kutoka kwa mtoto aliye mkoa mwingine. Lakini ukimuuliza ni kitu gani kimebadilika zaidi, mara nyingi hatataja simu wala lami. Atataja watu. Zamani tulipendana, atakwambia, siku hizi kila mtu na hamsini zake.

Kauli hiyo tumeizoea vijiweni, mimbarani na redioni, na kwa sababu tumeizoea hatuidai ushahidi. Tukiidai, tunakuta ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba kuna watu wanaojiona wametupwa na jamii kwa namna ambayo wazazi wao hawakuijua. Si kweli kwamba sababu yake ni mioyo kuwa migumu. Watanzania bado wanasaidiana sana, pengine kwa gharama kubwa kuliko wakati wowote. Kilichobadilika ni kile kinachohesabika kuwa msaada. Ndani ya maisha ya mtu mmoja tumetoka kwenye jamii iliyopokea mchango wa mikono na muda, tukaingia kwenye jamii inayotambua zaidi mchango wa fedha. Mwenye mikono mitupu sasa hana cha kuingia nacho.

Tuuangalie msiba wa kijijini wa miaka ya 1960 na 1970. Habari ilipita kwa miguu, kwa ngoma au kwa kengele ya kanisa, na waliokuwa mbali waliisikia kwenye matangazo ya vifo ya redio. Kuanzia hapo kila mtu alijua zamu yake bila kupangiwa. Vijana walibeba majembe na sururu kwenda kuchimba kaburi. Wanawake walifika na ndoo za maji, mizigo ya kuni na vikapu vya unga na maharage. Seremala wa kijiji alipiga randa mbao za jeneza, na kwa Waislamu jeneza la msikiti lilitosha. Wazee walikaa na wafiwa, na usiku watu walilala mikekani mpaka matanga yalipoanuliwa. Shambani na kwenye ujenzi mambo yalikwenda hivyo hivyo. Upareni watu waliitwa kwenye msaragambo kutengeneza mfereji au njia. Usukumani vikundi vya wakulima vililima kwa mdundo wa bugobogobo, jembe likiwa chombo cha kazi na cha ngoma kwa wakati mmoja. Nyumba ya udongo ilikandikwa na majirani, na ujira wao ulikuwa chakula cha mchana na ahadi isiyoandikwa kwamba zamu yao nayo itafika. Fedha zilikuwepo, lakini shughuli haikusimama kwa kukosa fedha.

Fikra hiyo haikuishia vijijini, ilipanda hadi kwenye siasa ya nchi. Mwalimu Nyerere, katika kijitabu chake cha Ujamaa cha mwaka 1962, alitumia methali isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ilikuwa kanuni ya uanachama: mtu alikuwa wa jamii kwa kutoa nguvu zake, na kwa kuwa karibu kila mtu alikuwa na nguvu za kutoa, karibu kila mtu aliweza kuwa mwanachama kamili. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likaigeuza kanuni hiyo kuwa sera. Lilisema tumekosea kuifanya fedha kuwa msingi wa maendeleo, na kwamba msingi wenyewe ni watu na juhudi zao.

Mpangilio huo haukuvunjwa na tabia mbaya za vijana. Ulivunjwa kwanza na uchumi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya kupanda kwa bei ya mafuta duniani na gharama za Vita vya Kagera, nchi ilikaukiwa fedha za kigeni na maduka yakabaki matupu. Sukari, sabuni, khanga na mafuta ya taa vilipatikana kwa foleni, kwa kibali, au kwa kumjua mtu. Mshahara ulikuwepo, cha kununua hakikuwepo. Katika hali hiyo mche wa sabuni aliopelekewa mzazi haukupimwa kwa bei yake. Ulipimwa kwa adha ya kuupata, yaani kwa muda na miguu ya aliyeutafuta. Kisha mambo yakageuka kwa kasi. Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa. Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeshika madaraka mwaka 1985 na kupewa jina la Mzee Ruksa, alizidi kulegeza masharti, na mwaka 1986 yakafuata makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Bidhaa zikarudi, mitumba ikajaa masokoni. Watu waliotoka kulalamika kwamba hela ipo bidhaa hakuna wakaanza kulalamika kwamba bidhaa zipo hela hakuna. Mtu yule yule, ndani ya miaka michache, alifundishwa na soko kwamba kujuana na kujituma havitoshi tena. Lazima uwe na kitu mfukoni.

Huduma za umma zikaongeza mkazo kwenye somo hilo. Mwaka 1993 hospitali za serikali zilianza kuwachangisha wagonjwa gharama za matibabu, na shule nazo zilikuwa na ada na michango isiyoisha. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na ya sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016, lakini kabla ya hapo kilikuwa kimeshakua kizazi kilichojua kwamba ukosefu wa hela ndio unaomrudisha mtoto nyumbani na kumkosesha mgonjwa dawa. Wakati huo huo watu walikuwa wakihamia mijini. Mtu anayeshinda kwenye fremu ya duka Kariakoo kuanzia asubuhi hadi jioni, au aliyeajiriwa kiwandani kwa zamu, hana siku nne za kukaa matangani. Muda wake ameshauuza. Kilichobaki cha kumpa ndugu yake ni ile hela aliyolipwa kwa muda huo. Simu ikakamilisha kazi. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya kuanza Kenya, iliondoa udhuru wa mwisho wa umbali. Utafiti wa FinScope wa mwaka 2023 ulikuta asilimia 76 ya watu wazima wanatumia huduma rasmi za fedha, wengi wao kupitia simu.

Matokeo yake yanaonekana kwenye kundi lolote la WhatsApp la msiba au harusi. Katibu anaweka orodha yenye namba. Mbele ya kila jina kuna ahadi, kilicholipwa na kilichobaki, na aliyemaliza anawekewa alama ya vema. Chini kuna namba ya mweka hazina na jina litakalotokea ukituma, ili muamala usipotee, na ombi kwamba tafadhali uweke na ya kutolea. Kila jioni orodha inarudi ikiwa imeongezewa mistari. Ukiwa msiba, fedha hizo ni za turubai, viti vya plastiki, spika, maji ya chupa, mpishi wa kukodi na gari la kusafirisha mwili kwenda kwao marehemu. Mjini hata kaburi huchimbwa na vijana wa kulipwa. Ikiwa ni harusi, kuna kamati, vikao vya kila wiki, kadi ya mtu mmoja na kadi ya wawili kila moja na kiwango chake, kicheni pati, sendofu, ukumbi, mapambo, mshereheshaji na mpiga picha. Anayechangia kidogo kuliko kiwango hufahamishwa kwa lugha ya adabu kwamba mchango wake umepokelewa, ila kadi hana.

Mtu akiliangalia kundi hilo kwa haki, hawezi kusema hawa ni wachoyo. Wengi wao ni watu wa kipato cha kubahatisha, na katika mwezi mmoja wanaweza kuwa na harusi mbili, msiba mmoja na mgonjwa. Wanakopa ili wachange. Vikoba, vikundi vya kuweka na kukopa vilivyoenea nchini tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa mfano uliobuniwa na shirika la CARE nchini Niger, vina sanduku la chuma lenye kufuli tatu na watunza funguo watatu, na ndani yake, pembeni ya fedha za hisa, kuna mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na misiba. Watu wasiojali wenzao hawatengi fedha ya kumzika mwenzao kabla hajafa. Moyo upo, na umejipanga kuliko zamani.

Tatizo liko kwingine. Siku moja ya kuchimba kaburi ilikuwa siku moja, awe ameichimba mwenye ng'ombe mia au asiye na kuku. Hakuna aliyesimama pembeni kuhesabu nani amepiga sururu mara ngapi. Fedha hazina usawa huo. Shilingi elfu tano na laki mbili zinakaa kwenye orodha moja, zinasomwa na watu wote, na zinampanga kila mtu daraja lake. Asiye na hata hiyo elfu tano hujitoa kimya kimya kwenye kundi kabla hajaulizwa. Asipochanga kwa wenzake anajua siku yake ikifika hatakuwa na wa kumdai. Kwa hiyo anayehitaji jamii zaidi ndiye anayetoka kwanza. Haya ndiyo anayoyaona mzee wetu anaposema watu hawapendani. Anaona mlango umefungwa na anadhani wamefunga wenye roho mbaya, kumbe umefungwa na kiwango.

Kuna jambo jingine linalofichwa na orodha. Kazi ya mikono haijaisha, imeacha kuhesabiwa. Nenda kwenye wodi ya hospitali yoyote ya mkoa saa ya chakula. Aliyekaa pembeni ya kitanda ndiye anayemwogesha mgonjwa, anayemlisha uji, anayefua mashuka na kukimbilia dawa iliyokosekana. Mara nyingi ni mwanamke, mara nyingi ni yule ndugu asiye na kipato, aliyeitwa kutoka kijijini kwa sababu wengine wako kazini. Amekaa wiki tatu. Kwenye kundi la familia jina lake halina alama ya vema, kwa sababu safu ya ahadi inasomeka kwa shilingi. Kaka aliyetuma laki moja kutoka mjini anashukuriwa kwa jina. Wote wawili wametoa, na ukipiga hesabu ya ujira wa kutwa huenda aliyekaa wodini ametoa zaidi. Lakini hesabu yetu inamwona mmoja tu.

Kuna mapingamizi matatu ya maana dhidi ya hoja hii, na hakuna linalofaa kupuuzwa. La kwanza linasema zamani hiyo inasifiwa mno. Ni kweli. Azimio la Arusha lenyewe lilikiri kwamba wanawake vijijini walifanya kazi kuliko mtu yeyote, huku wanaume wengi wakiishi kana kwamba nusu ya maisha yao ni likizo. Mikono iliyokuwa ikitolewa bure ilikuwa, kwa sehemu kubwa, mikono ya wanawake. Tena si kila ushirika ulikuwa wa hiari: kati ya mwaka 1973 na 1976 mamilioni ya watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa, wengi kwa amri na wengine kwa nguvu. Jamii ile iliyozika watu wake pamoja iliweza pia kumtenga mjane, kumnyang'anya shamba, au kumwita bibi kizee mchawi kwa sababu ya macho mekundu. Fedha zimewafungulia wengi njia ya kutoka. Mwanamke mwenye hisa zake kikobani, na mwenye sheria za ardhi za mwaka 1999 zinazompa haki sawa ya kumiliki, hahitaji kuomba ruhusa ya ukoo ili asomeshe mtoto. Kwa sababu hiyo sitetei kurudi nyuma. Ninachosema ni kwamba uhuru huo umemfikia aliyepata kipato, na aliyekikosa amepoteza cha zamani bila kupata cha sasa.

Pingamizi la pili linasema fedha zinafika pasipofika mikono. Mtoto aliye Dar es Salaam hawezi kwenda Bukoba kila mama akiugua malaria, lakini anaweza kutuma hela ya dawa ndani ya dakika moja. Hili nalo ni kweli, na ni faida kubwa ya kizazi hiki. Ila tuangalie inachokibeba hela hiyo na inachokiacha. Hela ya dawa inanunua dawa. Haimpeleki mama zahanati, haimkumbushi kuzimeza, wala haiketi naye usiku joto linapopanda. Yote hayo bado yanafanywa na jirani au mjukuu aliye karibu, ambaye hajatajwa kwenye ujumbe wa muamala. Fedha zimerefusha mkono wa aliye mbali bila kuuondoa ulazima wa aliye karibu.

Pingamizi la tatu ndilo gumu zaidi. Linasema kama kweli mioyo ni ile ile, mbona mamilioni yanapatikana kwa harusi ya siku moja, na mgonjwa anayehitaji upasuaji anazungushiwa kofia wiki nzima? Huu, wanasema, ni ushahidi wa maadili kuoza. Mimi naona ni ushahidi wa namna mfumo unavyofanya kazi. Harusi ina tarehe, ina kamati, ina kikao cha kumwaibisha asiyelipa, na zaidi ya yote ina marejesho: nikikuchangia leo, mwanangu akioa utanichangia. Ugonjwa hauna hata kimoja kati ya hivyo. Haupigi hodi, hauna mwisho unaojulikana, na aliyepatwa nao huenda asiweze kurudisha kamwe. Ushirika uliojengwa juu ya fedha huelekea palipo na uwezo wa kurudisha. Zamani aliyepona aliweza kurudisha kwa jembe msimu uliofuata, hata kama hakuwa na senti. Leo aliyepona akiwa ameuza shamba na pikipiki kujitibu hana cha kurudishia, na wanaomchangia wanajua. Tukilaumu tabia tutahubiri mpaka tuchoke na harusi zitaendelea kushinda. Tukikubali kwamba ni mfumo, tunaweza kuurekebisha.

Marekebisho ya kwanza ni kuuondoa ugonjwa kwenye orodha za michango. Hayo ndiyo makusudi ya bima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, na inaposemwa kuwa ni jambo la fedha tu, umuhimu wake unapunguzwa. Bima ni michango ile ile iliyopewa tarehe, daftari na kanuni moja kwa wote, bila kuuliza kama mgonjwa ataweza kurudisha. Zanzibar ilionyesha njia upande wa uzee mwaka 2016, ilipoanza kuwalipa wazee wote waliofikisha miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, wawe waliajiriwa au hawakuajiriwa. Kiasi kilikuwa kidogo, lakini kanuni ilikuwa kubwa: mtu alipata kwa kuwa mzee wa nchi hii, bila kutakiwa kuonyesha alichanga wapi. Palipo na kanuni ya namna hiyo, asiye na kitu hana sababu ya kujificha.

Marekebisho ya pili hayahitaji Bunge. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, katika mpango wake wa kunusuru kaya maskini, imekuwa ikiwalipa wanakaya ujira kwa kuchimba mitaro, kupanda miti na kutengeneza barabara za vijiji, kazi zile zile zilizokuwa za msaragambo. Serikali imekubali kwamba nguvu zina thamani inayoweza kuandikwa kwenye karatasi. Familia na kamati zinaweza kukubali vivyo hivyo. Katibu wa kundi akiandika kwamba fulani amekaa wodini siku kumi, na fulani amepika siku tatu za msiba, na akawawekea alama ya vema ile ile, hatakuwa ametoa sadaka. Atakuwa ameweka hesabu sahihi. Kadi za harusi nazo zinaweza kutoka bila kiwango cha chini, na ukumbi ukapungua kulingana na kilichopatikana. Wapo watakaosema hilo litawapa wavivu mwanya. Methali ya jembe ilishawajibu: mgeni aliyepewa jembe siku ya tatu alikuwa na kazi ya kufanya, na kila mtu aliiona akiifanya.

Kizazi kilichozaliwa karibu na Uhuru kiko sahihi kwamba kitu cha thamani kimepotea, ila kinakosea kukitafuta moyoni mwa wajukuu. Wajukuu hao wanachanga kila wiki. Kilichopotea ni nafasi ya mtu asiye na fedha kuhesabiwa kuwa ametoa, na nafasi hiyo haikuondolewa na mtu mmoja mbaya. Iliondolewa hatua kwa hatua na foleni za sukari, ada, risiti za hospitali, kodi za vyumba na miamala. Kwa kuwa iliondolewa na mipango, itarudishwa kwa mipango. Kila kamati inayokaa wikendi hii kupanga viwango vya kadi ina uwezo wa kuanza.